Udogo wa Mbwa Haumkingi na Kichaa

Baba mmoja wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, alitoka Arusha na mbwa mdogo wa kizungu, mweupe, wa kupakatwa. Alimchagua kwa sura tu. Hakuuliza kadi ya chanjo. Watoto walimpenda, wakawa wanalala naye usiku wa baridi.

Afisa mifugo alipotangaza siku ya chanjo, wafugaji walikuja na mbwa wao wa zizini wakiwa wamewafunga kamba. Bibi wa jirani alimpitia baba yule.

"Mwanangu, mchukue na huyo mdogo twende."

"Huyu ni wa ndani, bibi. Hatoki. Tena sindano ya mbwa wakubwa itamuua."

Alikosea yote mawili. Kipimo cha chanjo ya kichaa cha mbwa hakipunguzwi kwa udogo wa mwili. Na ukuta haukuzuia ugonjwa: siku ya mnada mbwa koko alipenya uani, akamng'ata yule mdogo sikioni. Kidonda kilipona, kikasahaulika.

Wiki kadhaa baadaye mbwa alianza kujificha uvunguni, akakataa chakula, sauti ikabadilika, mate yakamchuruzika. Binti wa nyumba alipomnyooshea mkono, akamng'ata kidole. Baba alikimbilia mafuta ya taa. Bibi akamkataza, akaliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akasema, "Hospitali, leo hii." Mbwa alikufa baada ya siku chache. Binti alimaliza sindano zake zote kwa tarehe alizopangiwa, akanusurika. Wangengoja dalili, wangemzika, kwani kichaa kikishajionyesha kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Wewe unayetaka mbwa mdogo Mbulu au Hanang, tazama matunzo kabla ya sura. Mwenye manyoya mafupi atateswa na baridi ya Mbulu. Mwenye manyoya marefu anataka kuchanwa na kutafutwa kupe kila mara. Usiku asiachwe nje, fisi wapo. Achanjwe akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka.

Wala usimchanje wako ukaridhika. Kichaa hukatika mahali ambapo angalau asilimia 70 ya mbwa wote wamechanjwa, wa kupakatwa na wa zizini pamoja. Kwa hiyo siku ya chanjo mpeleke wako, na umpitie jirani kama bibi yule alivyofanya. Anayemfungia mbwa wake ndani bila chanjo anahatarisha watoto wake mwenyewe, na wa jirani pia.