Fedha ya Kuonyesha: Je, Ni Uwongo?

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifanya biashara ya nguo katika mji wa Migori, ametuletea swali katika darsa yetu, akataka jawabu lililo wazi kwa kuwa muda alio nao ni mchache. Tumeona kuwa swali hili si lake peke yake. Ni la wengi wetu hapa pwani, ijapokuwa hatupendi kulitaja barazani. Kwa hivyo twalieleza hapa kwa urefu kidogo, baada ya kupata idhini yake.

Ndugu huyu ameoa Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria na wenye Waislamu tangu siku nyingi. Kaka wa mkewe ni mtu wa samaki. Huwanunua fuoni, mbuta na ngege na omena (ndio dagaa wetu), akawapeleka Homa Bay, na Migori, na hata Nairobi. Kijana wake amekubaliwa na chuo kimoja cha Marekani. Chuo kimempa waraka uitwao I-20, ambao hutaja gharama za masomo na mahali fedha zitakapotoka, na sasa angojea siku ya kuhojiwa Nairobi kwa ajili ya viza. Mdhamini wake ni baba yake. Wameambiwa walete ushahidi wa mapato, na hesabu ya mzee huyo katika benki ina shilingi elfu arobaini tu.

Basi mzee akampigia simu ndugu yetu, akamwambia: "Shemeji, fedha ninazo, lakini ziko majini. Niwekee milioni mbili katika hesabu yangu kwa mwezi mmoja, nipate karatasi yenye muhuri wa benki, kisha nitakurudishia zote. Yuko dalali hapa mjini aliye tayari kunipa, lakini yeye ataka nyongeza."

Nyongeza hiyo ni riba iliyo dhahiri, na dalali huyo hatutamzungumza zaidi. Lakini ndugu yetu hataki nyongeza. Asema: "Mimi namkopesha mtu wangu, bila ya faida, kwa ajili ya elimu ya mtoto. Mkopo ni halali, elimu ni kheri, na fedha hizo zitakuwako benki kweli. Uwongo uko wapi?"

Jambo la kwanza ni kufahamu kinachoulizwa. Ofisa wa viza haulizi ni noti ngapi zilizolala benki siku ile. Auliza ni nani atakayemlipia kijana huyu, kwa chumo gani, mwaka huu na mwaka ujao. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, katika kifungu cha 214(b), humchukulia mwenye kuomba viza ya namna hii kuwa ataka kuhamia moja kwa moja, mpaka yeye mwenyewe amridhishe ofisa kuwa sivyo. Yaani mzigo wa ushahidi uko juu ya mwombaji. Sisi hatuwezi kushangaa kwa jambo hili, kwani makadhi wetu pia humtaka mwenye kudai ndiye alete ushahidi.

Na mdhamini ni nani? Katika uhamiaji wa jamaa, sheria ya Marekani ya mwaka 1996 imeifanya hati ya mdhamini kuwa mkataba kamili. Mdhamini huahidi kumtunza mgeni wake asipungukiwe na asilimia 125 ya kiwango cha umasikini kinachowekwa na serikali, na aweza kushitakiwa kwa ahadi hiyo mpaka mgeni awe raia, au itimie kazi ya robo 40 za mwaka, ambayo ni kama miaka 10. Hati ya mdhamini wa mwanafunzi haina ukali huo. Lakini maana ya neno ni ile ile: mdhamini ni mtu asemaye, "Huyu akipungukiwa, nitafuteni mimi."

Sasa tuzitazame hoja za wenye kuhalalisha fedha ya kuonyesha. Ziko tatu, na kila moja yastahili kusikilizwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba tarakimu si ya uwongo. Fedha imo benki. Twajibu kwa mfano unaojulikana na kila aendaye soko la Kongowea. Muuza embe huzipanga nzima juu ya tenga, na mbovu akaziweka chini. Hakusema neno lolote. Kila embe uionayo ni nzima kweli. Hata hivyo hapana mtu miongoni mwetu asemaye kuwa muuzaji huyo ni mkweli, kwa sababu twajua alilokusudia tulifahamu. Uwongo haumo katika ulimi peke yake. Umo katika kila kitu ulichokiweka mbele ya mwenzio ili aamini lisilokuwa. Shemeji akionyesha milioni mbili zitakazoondoka baada ya siku chache, anamwambia ofisa, "Hizi ni za mtoto," hali ya kuwa ni za muuza nguo wa Migori. Wala hila hii si ngeni kwa wenye kuulizwa. Uingereza, mathalan, humtaka mwanafunzi aonyeshe fedha iliyokaa katika hesabu siku 28 mfululizo. Na mtu haweki sharti la siku ila ajuapo kuwa ziko fedha zinazopita kama msafiri.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Wasema: mzee huyu ana uwezo kweli. Ana mashua mbili, ana ng'ombe, na kila wiki samaki wake huingia sokoni. Alilopungukiwa ni karatasi tu. Fedha ya kuazima ni tafsiri ya mali yake, ili asomwe na mtu asiyejua lugha ya ziwani.

Kama ni tafsiri, basi na iwe sawa na asili yake. Tulimwambia ndugu yetu: kaa na shemeji yako, mhesabu. Samaki wamletea nini kwa mwezi, baada ya kutoa mafuta ya mashua na barafu na ujira wa wavuvi? Katika hicho, ni kiasi gani awezacho kukitoa kila mwaka bila ya kuwanyima wadogo wa kijana huyu chakula na shule? Ikiwa kinatosha, hana haja ya kuazima. Aionyeshe mali yake kwa sura yake. Na ikiwa hakitoshi, mwenye kudanganywa si ofisa peke yake. Ni mtoto. Kwani mwanafunzi mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi apendavyo. Wakati wa masomo hupewa saa zisizozidi 20 kwa wiki, na kazi yenyewe iwe ndani ya chuo. Muhula wa pili ukifika na ada isitoke Kendu Bay, kijana ataacha masomo, au atafanya kazi kwa kujificha, na vyote viwili huiharibu ile viza iliyotafutwa kwa jasho. Swali la ofisa, ambalo twaliona kuwa ni ukuta, ndani yake lina manufaa ya mtoto: lauliza kama atakula.

Hoja ya tatu ni ya dhulma. Wasema kuwa kanuni hizi zimetungwa kwa watu wa mishahara. Karani wa ofisi atoa karatasi yake ya mshahara, akaaminiwa. Mkulima wa miwa wa Awendo angalau ana stakabadhi za kiwanda. Lakini mchimba dhahabu wa Macalder, na mama muuza omena, hata wakichuma zaidi ya karani, hawaaminiwi. Hili ni kweli, na hatutalifunika. Ni uonevu kupima utajiri wa mtu kwa karatasi aliyonayo, na yafaa lisemwe mahali linapoweza kusikika. Lakini uonevu hauponyeshwi kwa ushahidi wa uwongo. Kila taarifa ya benki iliyopambwa ikigunduliwa, ofisa humtazama kwa shaka zaidi mvuvi mkweli ajaye kesho. Aliyeazima leo amemtoza jirani yake bila ya kumwuliza. Tena adhabu yake si nyepesi: anyimwaye viza kwa kifungu cha 214(b) aweza kuomba tena, lakini aliyethibitika kughushi au kudanganya kwa makusudi, sheria ya Marekani yaweza kumfungia mlango maisha yake yote. Atakayefungiwa ni kijana wa miaka kumi na tisa, kwa shauri la wakubwa wake.

Basi afanye nini mtu mkweli asiye na karatasi? Ndugu zetu, hapa lawama yaturudia sisi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni juu ya kuandika madeni na kuweka mashahidi. Twaisoma kila Ramadhani, kisha twafanya biashara miaka thelathini bila ya daftari. Mali isiyoandikwa ina mwenyewe maadamu yu hai na watu wamjua. Akienda mbele ya mgeni, au akifa, haina ulimi.

Na katika nchi ya ziwa maandishi yako zaidi ya inavyodhaniwa. Samaki hupimwa ufuoni, na penye kamati za wavuvi huwa mna daftari za mizani. Tangu mwaka 2007 watu hulipana kwa M-Pesa, na taarifa ya malipo ya miezi mingi yaweza kutolewa. Kuna vitabu vya chama cha akiba na mikopo, hati ya shamba, leseni ya mashua, na marejesho ya kodi kwa yule asiyeikimbia. Mtu akizipanga karatasi hizi kwa tarehe, na juu yake akatia barua fupi yenye kueleza chumo lake kwa maneno ya kweli, amefanya yaliyo juu yake. Hatusemi kuwa atapewa viza. Twasema kuwa hatakuwa na la kuficha, na mwanawe akiulizwa, "Baba yako huchuma nini?" atajibu ajualo, si alilofundishwa usiku.

Tena si lazima mdhamini awe mtu mmoja. Watu wa huko ziwani walilijua hili kabla yetu. Tom Mboya, ambaye wazee wake ni wa kisiwa cha Rusinga, katika Homa Bay ya leo, na huko ndiko alikozikwa baada ya kuuawa mwaka 1969, ndiye aliyesimamia safari ya wanafunzi 81 waliopanda ndege kwenda Marekani mwaka 1959. Jamaa na majirani walichanga, kila mtu kwa kadiri yake. Huko Marekani watu mashuhuri, kama Jackie Robinson na Harry Belafonte, walitia majina yao katika barua ya kuomba michango. Na mwaka 1960 wakfu wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Mpaka mwaka 1963 walikwisha kwenda karibu wanafunzi mia nane. Mwaka ule ule wa 1959, Barack Obama, mzaliwa wa Kanyadhiang, karibu na hiyo hiyo Kendu Bay, alikwenda Hawaii, si kwa ndege ile. Miongoni mwa waliobeba gharama zake ni Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuwa akifundisha watu wazima kusoma Nairobi. Wako wanafunzi wa siku zile walioishiwa na fedha ugenini, wakapata taabu kubwa. Lakini aliyechanga alitoa chake, na aliyetia jina lake aliahidi chake. Hapana aliyeonyesha mali ya mwenziwe.

Kwa hivyo jawabu letu kwa ndugu yetu lilikuwa hili. Usimwazime shemeji yako milioni mbili za kuonyesha. Lakini usidhani kuwa kwa kukataa umeshinda mtihani. Ikiwa wewe una milioni mbili uwezazo kukaa bila yake mwezi mzima, jiulize ni kiasi gani katika hizo uwezacho kumpa mtoto wa shemeji yako, kweli, asikurudishie. Kuazima fedha ya kuonyesha hakukugharimu kitu. Ndiyo maana kulikuwa kwepesi kwako. Kuandika, "Mimi fulani nitalipa kiasi hiki kila mwaka," na kutia sahihi, huko ndiko udhamini.

Ndugu yetu alinyamaza muda. Kisha akasema kuwa laki tatu kwa mwaka angeziweza, ila itambidi aahirishe kujenga. Tukamwambia hilo ni lake na mkewe. Sisi hatumlazimishi mtu sadaka.

Wala wasomaji wetu wasione kuwa haya ni mambo ya bara. Hapa kwetu pia mna watu wenye jamaa London na Maskati na Toronto, na fedha za kuonyesha zimezunguka katika mitaa yetu, kutoka nyumba hadi nyumba, kama sufuria la arusi. Kila mmoja aitazame hesabu yake.

Khabari ya mwisho tuliyoipata ni kwamba hati tatu zimekwisha andikwa: ya baba, ya ndugu yetu, na ya shangazi mmoja wa Homa Bay mwenye duka. Jumla yake haikufika milioni mbili. Kwa hivyo kijana amekiandikia chuo kuomba apunguziwe ada, na siku ya mahojiano bado. Twamwombea kheri. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.