Je, Ni Haki Kumpima Mzee Anayesahau?



Bibi mmoja wa kusanyiko letu hapa Bwera alianza kusahau chungu motoni, kisha majina ya wajukuu. Wengine wakanong'ona kwamba ni uchawi. Alipopelekwa kwa waganga wa hospitali aliulizwa: Leo ni tarehe ngapi? Uko wilaya gani? Mia moja ukitoa saba? Akajibu kwamba yuko Beni. Mkwe wake aliniambia akilia: "Mchungaji, wamemwaibisha mama yetu."

Nimelifikiri neno hilo. Kipimo cha namna hii kinachojulikana sana kilitolewa Marekani mwaka 1975, nacho kina alama 30. Ndani yake mna kusoma na kuandika. Asiyeingia darasani hupoteza alama kabla ugonjwa haujamgusa. Na sisi tuliovuka Mpondwe tukihamishwa huku na huku, je, tulijua jina la wilaya kila tulipolala?

Huko Hai, Tanzania, watafiti walitengeneza kipimo kisichodai kusoma wala kuandika. Mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, hupanga vijiti vya kiberiti kwa kufuata mfano, hukumbuka maneno aliyotajiwa.

Kwa hiyo naona hivi: kupima si kosa. Kumficha mgonjwa kwa aibu, au kumwita mchawi, huko ndiko kumvunjia heshima. Lakini kipimo kifupi ni taa ya kumulika, si hukumu. Malaria, masikio mazito, hata huzuni ya kufiwa huweza kushusha alama. Anayepima hana budi kumwuliza pia anayeishi na mzee: zamani aliweza nini, na leo ameshindwa nini? Nanyi msimwache mzee aende peke yake. Semeni kama alisoma, na lugha gani anaielewa.

Bibi yetu alirudishwa, akaulizwa kwa Kinande, ambacho Wakonzo wa hapa wanakielewa. Alitaja wanyama wachache tu. Wajukuu hakuwatambua. Ugonjwa upo kweli, na minong'ono ya uchawi imepungua.

Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikuwekewa sharti kwamba wawe bado wanatukumbuka. Someni Isaya 49:15 nyumbani. Bibi akisahau majina yetu, sisi bado tunalijua lake. Tumwite kwa hilo.