Tusi, Laumu na Simango

Mkristo amewekewa amri mbili ambazo, zikisomwa kwa haraka, zaonekana kugombana. Ya kwanza imo katika Torati, Mambo ya Walawi 19:17: aliyeona kosa la mwenzake asilifiche moyoni likageuka chuki, bali amkabili na kumwambia. Ya pili imo katika Hotuba ya Mlimani, Mathayo 5:22: anayemrushia nduguye neno la kumdhalilisha amewekwa katika safu moja na mwuaji. Basi mtu atamlaumu vipi mwenzake bila ya kumtukana? Na jambo lazidi kuwa zito pale tuonapo kwamba Yule aliyelikataza neno la dharau ndiye, katika sura ya 23 ya Injili hiyo hiyo, anayewapa waandishi na Mafarisayo maneno makali kuliko yote yaliyomo katika Agano Jipya.

Swali hili si la wanavyuoni peke yao. Mzazi mbele ya mwanawe, mwalimu darasani, padri mimbarini, mkubwa wa serikali mbele ya wananchi: kila mmoja wao ana maneno makali tayari kinywani, na ana udhuru tayari pia, kwamba yeye hatukani, anaonya tu. Je, Maandiko yanatupa mizani ya kuupima udhuru huo?

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili aweza kuyapita mahali hapo bila ya kujikwaa, na sababu ni kazi ya watafsiri. Katika Mathayo 5:22 maandishi ya Kiyunani yana maneno mawili ya kutukania: raka, neno la Kiaramu ambalo aghalabu hufasiriwa kuwa mtu mtupu, asiye kitu, na more, yaani mpumbavu. Watafsiri wa Biblia ya Muungano, iliyotoka nzima mwaka 1952, hawakuyaleta maneno yenyewe. Walileta vitendo viwili: kufyolea na kuapiza. Lakini katika 23:17, Yesu anapowaita Mafarisayo kwa neno lile lile la pili, katika wingi wake, wao wakaandika wapumbavu. Kwa hiyo mgongano ambao Myunani aliuona kwa macho, sisi tumefunikiwa kwa ustadi wa kalamu.

Mfano wa pili una faida zaidi. Kiyunani kina kitenzi oneidizo. Katika Mathayo 5:11 ndicho kitendo cha wale wanaowatesa wanafunzi kwa maneno. Katika 27:44 ndicho wanachomfanyia Yesu wanyang'anyi waliosulibiwa pamoja naye. Lakini katika 11:20 ndicho Yesu mwenyewe anachoifanyia miji ya Korazini, Bethsaida na Kapernaumu. Kitenzi ni kimoja. Watafsiri wetu wakakigawa: wanyang'anyi na watesi wakashutumu, Yesu akakemea. Siwalaumu. Kiswahili ni tajiri katika mlango huu, na mwenye mali hulazimika kuchagua. Ila yatupasa kufahamu kwamba mgawo huo ni hukumu ya maadili iliyokwisha kutolewa kwa niaba yetu. Kiyunani chatuambia jambo gumu zaidi: kwa sauti yake na ukali wake, laumu ya haki na tusi vyaweza kufanana kama pacha. Tofauti haimo katika neno, basi yapasa itafutwe kwingine.

Naanza na jina. Raka si maelezo ya alilotenda mtu. Ni muhuri unaopigwa juu yake. Pwani ya Kusini inaijua mihuri ya namna hii. Wamakonde waliotoka ng'ambo ya Mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, kwa miaka mingi waliitwa Wamawia na jamaa zao wa upande huu, na neno hilo aghalabu halikutamkwa kwa heshima, hata pale wageni hao walipokuwa wakiikimbia vita ya ukombozi iliyoanza mwaka 1964. Lugha ni ya jamaa moja, mto ni mmoja, lakini jina lilitosha kumweka mtu nje ya mlango. Na Wamachinga wa mkoa wa Lindi, kama inavyoelezwa aghalabu, waliacha jina la kabila lao katika mitaa ya Dar es Salaam likawa jina la kila mchuuzi asiye na duka. Jina la namna hii halimwulizi mtu umefanya nini, limekwisha kumjibu.

Sasa tuitazame laumu ya Korazini na Bethsaida. Ni kali, tena ya kutisha, lakini imejengwa juu ya matendo: haya yalitendeka kwenu, nanyi hamkugeuka, na Tiro na Sidoni, miji ya watu baki, ingeligeuka. Anayelaumiwa hivi bado ana njia mbele yake, kwa kuwa amelaumiwa kwa jambo ambalo angeliweza kulitenda vingine. Tusi hufunga hesabu ya mtu. Laumu huifungua na kumwonyesha deni. Hii ndiyo sababu Walawi imeiweka laumu dhidi ya chuki, si dhidi ya upendo: anayenyamaza huku amekwisha kumhukumu mwenzake rohoni amemtukana tayari, ijapokuwa ulimi wake haukutikisika.

Jambo la pili ni upande neno linakotoka na linakokwenda. Maneno makali ya Mathayo 23 yanaanza kwa kutaja kiti, kiti cha Musa, na wale wanaokikalia. Yanakwenda juu, kwa wenye mamlaka ya kuwatwika wengine mizigo. Mhubiri anayeichukua sura hiyo kuwa ruhusa ya kumwaibisha mjane au kijana mbele ya kusanyiko ameigeuza juu chini.

Hapa msomaji makini atanizuia na kunikumbusha habari ya mwanamke wa Kifoinike, Marko sura ya 7. Ni mgeni, ni mwanamke, ana mtoto mgonjwa, na neno analolipata linamlinganisha na mbwa wa nyumbani wasiopewa mkate wa watoto. Sina nia ya kulilainisha neno hilo. Wapo wanaosema kwamba Kiyunani kimetumia umbo la udogo, vijibwa. Lakini mbwa mdogo ni mbwa. Ninachokiona ni jibu lake. Halikatai tusi wala halilii. Analipokea, analigeuza, na kulirudisha likiwa na hoja ndani yake, kwamba hata hao walio chini ya meza hupata makombo. Na katika Marko anaambiwa kwamba ni kwa ajili ya neno lake hilo ndipo haja yake imetimizwa.

Watu wa Masasi, Newala na Mikindani hawahitaji mfasiri wa mazungumzo hayo. Wanaujua utani. Mtani huja msibani akamcheka marehemu, akazuia maziko mpaka apewe kitu, na mkono ule ule ndio unaoshika jembe la kaburi. Maneno yake, yakitolewa na mwingine, yangelileta ugomvi. Utani unasimama juu ya sharti moja: anayetaniwa ana haki ya kujibu kwa uzito ule ule, na mtani haruhusiwi kuudhika. Mwanamke yule aliishika haki hiyo bila ya kupewa, naye hakunyang'anywa. Hivyo twapata kipimo: neno kali lisiloacha nafasi ya jibu ndilo tusi, hata likivaa kanzu ya mawaidha.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike makala haya. Katika Waraka wa Yakobo 1:5 imeelezwa kwamba apungukiwaye na hekima amwombe Mungu, ambaye huwapa watu wote kwa ukarimu. Kisha chaja kitenzi chetu kile kile, oneidizo, pamoja na kikanusho. Biblia ya Muungano imesema hakemei. Lakini huyu anayezungumzwa hapa ni mpaji, na yule mwingine ni mpokeaji. Kiswahili kina neno lake kwa laumu inayomfuata mpokeaji baada ya kupewa: kusimanga. Simango ni kumhesabia mtu wema uliomtendea, ili ajue kwamba tonge alilolimeza bado lina kamba, na mwisho wa kamba uko mkononi mwako. Wahenga walisema tenda wema wende zako. Msimangaji hutenda wema kisha akabaki mlangoni.

Simango ni hatari kuliko tusi kwa sababu lina ukweli. Mtu alipewa kweli. Hawezi kukana, na kwa kuwa hawezi kukana hana la kujibu. Tazama walioachwa huru Unguja. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, ambaye ndiye pia mfasiri mkubwa wa Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja, aliwaongoza kundi la walioachwa huru kupitia Lindi hadi Masasi, nao wakaanzisha makazi huko. Mtu aliyekombolewa na mwingine aweza kusimangwa maisha yake yote, na kila mara kwa jambo la kweli.

Je, Mungu wa Torati hasimangi? Mara ngapi Waisraeli wanakumbushwa kwamba walikuwa watumwa Misri, na ni nani aliyewatoa? Pingamizi hili ni la haki. Lakini tuisome Kumbukumbu la Torati 15. Kumbusho la utumwa linakuja pale bwana anapoamriwa kumwacha huru mtumwa wake, tena asimwache aende mikono mitupu, bali ampe katika kundi lake na nafaka yake. Wema wa kale unatajwa ili uendelee kwa mtu wa tatu. Msimangaji hutaja wema wake ili urudi kwake. Na katika Yoshua 5:9, watu walipokwisha kuvuka mto, inaelezwa kwamba aibu ya Misri imeviringishwa ikaondolewa juu yao. Tafsiri ya kale ya Kiyunani ilitumia hapo nomino ya ukoo ule ule wa oneidizo. Mkombozi wa kweli huondoa na kumbukumbu inayouma.

Kutoka hapo naweza kuitazama Mtwara ya siku zetu. Mkoa huu uliijua reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, kisha ukaiona iking'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ulingoja mpaka mwaka 2003 ndipo daraja la Rufiji likafunguliwa. Mwishoni mwa mwaka 2012 watu waliandamana kuhusu bomba la kupeleka gesi ya Mnazi Bay Dar es Salaam, na Mei 2013 mji ukaingia katika ghasia, askari wakaletwa, watu wakafa. Moto uliochoma nyumba za watu haukuwa laumu, nami siupambi. Lakini kabla ya moto palikuwa na neno, na neno lile lilikuwa na umbo la laumu halisi: lilitaja tendo, lilikwenda juu, lilingoja jibu. Mtu akilijibu neno kama hilo kwa kuhesabu madaraja na barabara, akamaliza kwa kusema basi nyamazeni, hajajibu, amesimanga. Daraja lililojengwa kwa kodi ya wote limegeuzwa sadaka ya mmoja.

Hapo ndipo pana ugonjwa ambao Maandiko yanaufichua: laumu itokayo chini husikika kuwa tusi, na tusi litokalo juu huitwa onyo. Ayubu aliketi majivuni, na rafiki zake wakamwonya kwa maneno ya dini yaliyopangwa vizuri. Yeye akamlaumu Mungu usoni pake. Mwisho wa kitabu, 42:7, ni wale waonyaji wanaoambiwa kwamba hawakunena yaliyo sawa, na mlaumu ndiye anayeambiwa kwamba alinena sawa. Mkubwa kuliko wote alipolaumiwa na aliye chini kuliko wote, hakulihesabu neno lile kuwa matusi. Wala hakumkumbusha Ayubu kondoo na ngamia aliokuwa amempa zamani.

Kwa hiyo, kama kalamu ya kuusahihisha Waraka wa Yakobo ingelikuwa mkononi mwangu, ningelifuta neno moja tu. Ningeliandika kwamba Mungu huwapa wote wala hasimangi. Atakemea, na Kapernaumu ni shahidi. Maana anayekemea bado anangoja mtu ageuke. Kusimanga ni kungoja mtu alipe. Na msomaji wa Msimbati au wa Mkunazini, akilikuta neno hilo mahali pake, hatahitaji maelezo, kwa kuwa analijua tangu utotoni, na anamjua aliyemwambia.