Tembeeni Mtazame: Kilwa na Kibuli Zinatuuliza Nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

 Mitihani inakaribia kwisha na likizo ndefu inakuja. Wengi wetu tutapanda basi, wengine kwenda nyumbani na wengine kutembea tu. Jambo hili si dogo katika dini yetu. Katika Suratur-Rum na sura nyingine kadhaa, Mwenyezi Mungu anawahimiza watu watembee katika ardhi, watazame ulikuwaje mwisho wa waliowatangulia, waliokuwa na nguvu kuliko wao na waliojenga zaidi yao. Angalia kwamba tumetakiwa mambo mawili: kutembea na kutazama. La kwanza linataka nauli. La pili linataka moyo, na simu iliyojaa picha haiwezi kuushikia nafasi yake.

Likizo iliyopita nilijaaliwa kufika Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania. Kutoka Kampala ni safari ndefu: mabasi hadi Dar es Salaam, basi jingine hadi Kilwa Masoko, kisha mashua ya kuvukia kisiwani. Nilivutwa na habari za Ibn Battuta, aliyefika huko mwaka 1331 wakati Kilwa ikitawaliwa na Sultan al-Hasan ibn Sulaiman. Ulikuwa mji tajiri, na dhahabu iliyotoka Sofala ilipitia bandarini pake. Mwaka 1505 Wareno waliuvamia na kuupora. Leo nguzo na kuba za Msikiti Mkuu bado zinaonekana, na Husuni Kubwa, lile jumba la kifalme linalotazama bahari, limebaki kuta zisizo na paa. Watalii huja, hupiga picha, hurudi mashuani.

Lakini kuna kitu cha Kilwa ambacho hakikubomoka. Ibn Battuta anasimulia kwamba sultani yule alikuwa mkarimu na mnyenyekevu, akiketi na kula pamoja na mafakiri. Siku moja ya Ijumaa, akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani alirudi ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Alipofariki, alimrithi ndugu yake, Daud, ambaye hali yake ilikuwa kinyume kabisa. Maskini akija kuomba, aliambiwa kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha cha kutoa.

Ndugu zangu, mji ni uleule na hazina ni ileile. Karibu miaka 700 imepita, na mmoja tunamtaja kwa nguo alizovua, mwingine kwa mkono alioufumba. Jumba lao halina hata mlango.

Sasa turudi karibu. Hapa Kampala tuna kilima cha Kibuli, ambacho wengi wetu tunakipita tukiwa kwenye teksi bila hata kuinua macho. Juu yake upo msikiti, na pamoja nao zipo shule na hospitali. Ardhi ilitolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Yeye ameshaondoka, lakini adhana inasikika, watoto wanasoma na wagonjwa wanatibiwa. Mtume (S.A.W) ametufundisha kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa njia tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha na mtoto mwema anayemwombea. Mwenye kutaka kuiona hadithi hiyo kwa macho yake, apande Kibuli.

Huenda ukasema: mimi ni mwanafunzi, sina ardhi wala dhahabu, hata nauli nimekopa. Ni kweli. Lakini elimu imo katika yale matatu, na hiyo unayo. Kila mahafali yanaondoa safu nzima katika msikiti wetu wa chuo. Wapo walioondoka, na leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anasoma Qur'ani vizuri kwa sababu wao walikaa naye kila baada ya Maghrib. Na wapo walioondoka tusikumbuke hata walikaa wapi. Likizo hii, mfundishe mtoto mmoja wa mtaani kwenu Suratul-Fatiha mpaka aimudu. Kila atakaposwali nayo, una fungu lako.

Na njiani, usiiache swala. Sheria imemrahisishia msafiri: apunguze rakaa nne ziwe mbili, akusanye Adhuhuri na Alasiri, Maghrib na Isha. Ruhusa ya kuiacha kabisa haipo. Mwombeni dereva kwa adabu asimame. Mkiwa wengi mtasikilizwa. Kisha ombeni sana, kwani dua ya msafiri ni miongoni mwa dua zisizorudishwa. Muombeeni mzazi aliyewalipia ada, na muwaombee wale ambao wapo chini ya udongo wa Kilwa.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kutazama na kuzingatia, na utuachie nyuma yetu kheri isiyokatika. Amin.

Wabillahi tawfiq.