Kati ya Shaka na Mlango

Tarehe 19 Aprili 1995 lori lililosheheni vilipuzi lililipuka mbele ya jengo la serikali katika mji wa Oklahoma City, Marekani. Watu 168 walikufa, 19 kati yao watoto. Aliyelipeleka pale alikuwa Timothy McVeigh, mwanajeshi wa zamani, Mzungu kijana aliyeichukia serikali yake na aliyelishwa maandishi yaleyale yaliyokuwa yakizunguka kwenye magenge ya Wanazi mamboleo.

Huko Florida, binti mmoja aitwaye Angela King alikuwa ndani ya genge la namna hiyo tangu utineja wake. Alikuwa amejichora swastika mwilini. Baadaye amesimulia kwamba mlipuko ule ulimtikisa, kwa sababu yule mtu wa kwenye televisheni aliamini mambo aliyoyaamini yeye. Akaanza kuwa na shaka. Lakini hakutoka. Mwaka 1998 alishiriki na wenzake kuvamia duka kwa silaha, kesi ikahesabiwa kuwa ya uhalifu wa chuki, akafungwa.

Kila ninapoirudia hadithi hii, nakwama kwenye hiyo miaka 3 ya katikati.

Tunalipenda sana shaka. Mtu akisema, "Hata wakati ule, moyoni nilikuwa na wasiwasi," tunampa nafuu fulani, kama mwalimu anayemwongezea mwanafunzi alama kwa kuandika njia ingawa jibu amekosa. Tunaona kwamba dhamiri yake ilikuwa hai, imelala tu. Lakini mtu aliyekuwa nyuma ya kaunta siku ile ya 1998 hakuwa na namna ya kujua kwamba mmoja wa waliomwingilia amekuwa akikosa usingizi. Na angejua, ingemsaidia nini? Shaka la mtu linamsumbua mwenyewe. Gharama yake inalipwa na wengine, kwa kipindi chote ambacho mwenye shaka bado anatafakari.

Najua jibu linalokuja haraka: hofu. Magenge haya huwawinda wanaotoka. Ni kweli, na sitaki kuipuuza hofu nikiwa nimeketi salama na kikombe cha chai. Ila nadhani hofu si nusu ya maelezo. Angela King alidhalilishwa na kuonewa shuleni akiwa mdogo, kisha akageuka kuwa mwonevu yeye mwenyewe, na alipokutana na vijana wenye vichwa vilivyonyolewa, hawakumuuliza hasira yake imetoka wapi. Walimpokea nayo.

Hapo ndipo msemo wetu wa "mtu ni watu" unapoanza kunitia wasiwasi. Tunautumia kama sala, kana kwamba kuwa na watu ni jambo jema lenyewe. Msemo hausemi ni watu gani. Genge nalo ni watu. Linakuja msibani kwako, linakupa pa kulala, linakupigania barabarani. Nani kati yetu, akigundua leo kwamba ukoo wake unaamini jambo la kuchukiza, angefungasha kesho asubuhi? Wengi tungeanza kwa kunyamaza mezani. Tungejiambia kwamba tuna shaka.

Kwa hiyo simshangai aliyebaki. Ninachokataa ni kuhesabu kubaki kwake kama nusu ya kutoka.

Ujerumani walilazimika kulijibu swali hili mahakamani. Beate Zschäpe aliishi mafichoni kwa zaidi ya miaka 13 pamoja na wanaume wawili wa kundi lililojiita NSU. Kati ya 2000 na 2007 kundi hilo liliua watu 10, 9 kati yao wakiwa wa familia za wahamiaji, wengi wenye asili ya Uturuki. Desemba 2015 wakili wake alisoma maelezo yake mjini Munich: kwamba alikuwa akijua baada ya mauaji kutokea, kwamba yalimtisha, kwamba wale wawili ndio waliokuwa familia yake na hakuweza kuwaacha. Akaomba radhi. Julai 2018 mahakama ikamtia hatiani kwa mauaji, kifungo cha maisha. Majaji hawakumwona kama mtazamaji mwenye huzuni. Kutunza fedha, kuwachekea majirani wasishuku: hizo zilikuwa kazi, na bila kazi hizo mauaji yasingeendelea.

Angela King, tofauti na Zschäpe, alibadilika kweli. Na namna alivyobadilika ndiyo sehemu ambayo watu hupenda kuisimulia. Gerezani, mwanamke mmoja kutoka Jamaika alimuuliza kama anajua kucheza karata. Wakacheza. Wanawake wengine Weusi wakamkaribisha kwenye mzunguko wao, ingawa waliijua kesi yake na michoro ilikuwa wazi kwenye ngozi. Alitoka mwaka 2001, akasoma chuo kikuu, na baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa Life After Hate, shirika linalowasaidia watu kuyaacha makundi kama lile lake.

Ni hadithi nzuri. Nilimtumia dada yangu, anayesomea uuguzi katika mji mmoja mashariki mwa Ujerumani, si mbali na Dessau, mahali ambapo Juni 2000 Wanazi mamboleo watatu walimpiga Alberto Adriano, baba wa familia kutoka Msumbiji, hadi akafa. Dada alisikiliza mahojiano yote, kisha akanitumia ujumbe wa sauti. "Mdogo wangu, mimi nimekuja huku kusoma. Sikuja kuwa dawa ya mtu."

Nikamjibu kwamba hakuna aliyemwambia awe dawa. Akasema anaambiwa kila wiki. Wenzake darasani, watu wema kabisa, wakisikia kwamba kuna mgonjwa amekataa kuguswa naye, humshauri aendelee kutabasamu: labda yule mzee hajawahi kukutana na Mwafrika, labda wewe ndiye utakayembadilisha.

Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Yule Mjamaika alitoa zawadi. Zawadi ikigeuzwa kuwa njia ya tiba, inakuwa kodi, na anayetozwa ni yuleyule aliyechukiwa. Mwenye chuki anapewa muda wa kukomaa. Anayechukiwa anapewa kazi ya kumsubiri akiwa na uso mchangamfu. Deni la Angela King halikuanza siku alipopangiwa karata. Lilianza Aprili 1995, mbele ya televisheni, alipojitambua kwenye sura ya muuaji, na hakuna Mwafrika wala Myahudi aliyetakiwa kumfanyia hisani yoyote ili deni hilo liwe halali.

Dada bado anamhudumia yule mzee. Anampima shinikizo la damu, anaandika kwenye faili, anatoka. Sura anayoingia nayo chumbani ni ileile anayotumia kwa wagonjwa wote waliolala, na ameniambia ameacha kutabasamu pale mlangoni.