Upanga wa Springi na Mkuki wa Kibosho

Desemba iliyopita, tulipopanda Old Moshi kwa Krismasi kama Wachagga wengine wote, mdogo wangu aliingia kwenye Hiace na upanga wa mita mbili uliofungwa kwa khanga ya mama. Konda aliutazama, akaupimia nafasi, akamtoza nauli ya watu wawili.

Mdogo wangu anapenda katuni za Kijapani, zile ambazo shujaa hubeba upanga mrefu kuliko yeye. Kuagiza Japani hawezi, kwa hiyo alimpelekea fundi chuma mmoja mjini Moshi springi ya lori na picha kwenye simu. Fundi aliuliza swali moja tu: "Huu wa kukatia nini?" Akajibiwa, "Wa kutundika." Fundi alicheka, lakini kazi aliifanya vizuri.

Jioni ile ile upanga ulikuwa ukutani, sebuleni kwa bibi, chini ya picha ya harusi ya babu. Wageni walioingia waliusifu kabla hata ya kusalimia. Mdogo wangu, akiwa amenogewa, akasema upanga unakaa kipweke. Akakumbuka kwamba darini kuna mkuki wa zamani. Akaushusha: bapa lake jembamba, refu kupita mkono wangu, mti mfupi katikati, chuma tena mwishoni. Alikuwa tayari ameshika nyundo bibi alipotokea jikoni.

"Huo urudishe," alisema.

"Bibi, huu ni urithi wetu."

"Si wetu. Na mama yako mdogo anafika kesho."

Mama mdogo, mke wa baba mdogo, anatoka Kibosho.

Usiku bibi alinieleza kilichobaki, kama alivyoelezwa na mkwe wake. Babu yake babu alikwenda Kibosho pamoja na Wajerumani. Alirudi na ng'ombe wawili na mkuki. "Ng'ombe waliliwa," alisema bibi. "Mkuki ndio huo."

Nilihesabu miaka nikaelewa ni vita gani. Februari 1891 Hermann von Wissmann aliishambulia ngome ya Mangi Sina wa Kibosho. Mangi Rindi wa Moshi, hasimu wa Sina wa miaka mingi, alimpa Mjerumani wapiganaji. Tulikwenda kama washirika. Mwaka uliofuata, Juni 1892, Rindi akiwa ameshafariki, mwanawe Meli aliwapiga Wajerumani hao hao, na kamanda wao von Bülow akafa. Hiyo ya 1892 tunaijua sote, inasimuliwa mpaka kwa watalii. Ya 1891 ilikuwa darini.

Nasoma shahada ya umahiri katika falsafa, na tasnifu yangu inahusu vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Mfano wangu mkuu unatoka kwetu. Meli alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, ametumia miaka mingi akikitafuta. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimehusisha mafuvu kadhaa na jamaa walio hai hapa Tanzania. Moja lilikuwa limeandikwa "Akida", na linadhaniwa kuwa la mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana.

Nimeandika kurasa nyingi za hasira kuhusu makabati ya watu wengine. Sikuwahi kuuliza kuhusu dari letu.

Fuvu la mtu si mkuki, najua. Lakini mdogo wangu alipoanza kuutetea mkuki asubuhi yake, alitoa hoja tatu, na zote tatu nilishazisoma. Kwanza, zama zile kila mtu alifanya hivyo. Kibosho nao walituvamia. Pili, mwenyewe hajulikani, tumrudishie nani? Tatu, sisi ndio tumeutunza. Bila sisi ungeshaliwa na kutu au kufuliwa jembe. Hizo ndizo hoja za makumbusho ya Ulaya, na katika tasnifu yangu nimezijibu moja moja kwa kujiamini sana. Mezani kwa bibi, mbele ya chai, sikuwa na kujiamini huko. Hoja ya pili hasa ilinibana. Ni kweli hatumjui. Ila nikajiuliza: ni nani kati yetu aliyewahi kumtafuta?

Nikautazama tena upanga wa springi. Japani panga kubwa namna hii huitwa odachi. Zipo zilizobebwa vitani, lakini kubwa kupita kiasi zilifuliwa ili zitolewe kwenye mahekalu ya Kishinto. Mmoja, kazi ya mfua chuma Norimitsu wa karne ya 15, uko katika hekalu la Kibitsu huko Okayama: urefu wake mita 3.77, uzito kilo 14.5. Hakuna mtu wa kuuzungusha. Ukubwa wake wenyewe unamwambia mtazamaji kwamba ulitengenezwa utolewe na utazamwe. Japani hiyo hiyo ina panga nyingine zenye habari tofauti kabisa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia majeshi ya Marekani yalikusanya panga za familia, na nyingi zikaishia kwenye kuta za askari ng'ambo ya bahari.

Kwa hiyo ukutani panaweza kuning'inia vitu vya aina tatu: kilichofuliwa kwa ajili ya ukuta, kilichotolewa, na kilichochukuliwa. Msumari ni ule ule. Mtu akiingia hawezi kuvitofautisha, kwa sababu ukuta husema sentensi moja tu kuhusu vyote: hiki ni chetu. Zamani nilidhani swali la kimaadili kuhusu silaha ya maonyesho ni kama imemwaga damu. Sasa nadhani swali linaanza mapema zaidi: hiyo sentensi ya ukuta ni ya kweli? Upanga wa mdogo wangu, wa springi ya lori na katuni, ulikuwa unasema kweli. Mkuki, ambao ni mzuri kuliko upanga mara kumi, ungesema uongo, na ungemwambia mama mdogo uongo huo akiwa ameshika sahani ya pilau.

Lakini kuurudisha darini kimya kimya nako ni uongo, wa upole tu. Tumeusema kwa zaidi ya miaka 130.

Siku moja baada ya Krismasi nilikata jani la isale pale mpakani mwa kihamba. Kwetu ukimkosea mtu unakwenda kwake na isale, na kulikataa ni jambo zito. Niliona aibu kidogo. Sijawahi kulibeba, na sikujua kama kilembwe ana haki ya kuomba radhi kwa niaba ya mtu ambaye pengine alijivunia alichofanya. Nilimkuta mama mdogo akimenya ndizi. Nikamwamkia, nikamsimulia yote, bibi akiwa pembeni, hasemi kitu.

Mama mdogo alifuta mikono, akaomba auone mkuki. Aliushika muda mrefu. Kisha akacheka, si sana.

"Mnadhani ni ninyi tu?" alisema. "Nyumbani kwetu kuna ngao. Baba anasema ni ya watu wa Uru. Hatuitoi nje."

Uru iko katikati, kati yetu na Kibosho. Siku zote tunapita hapo tukienda kuwasalimia.

Alilipokea isale. Alisema atamuuliza baba yake kuhusu mkuki, na kuhusu ngao pia, na kwamba kabla ya hapo nisiutundike wala nisiufiche. Kwa hiyo uko juu ya kabati sebuleni, umelala, na karatasi niliyoandika kwa mkono: "Ulichukuliwa Kibosho, 1891. Mwenyewe tunamtafuta." Mdogo wangu anasema unaharibu mpangilio wa sebule. Wageni bado wanausifu upanga kwanza. Halafu wanasoma karatasi, na wengine huuliza.