Ushahidi wa Taa ya Njano

Magari mengi ya siku hizi yana taa ndogo ya njano, yenye umbo la injini, mbele ya macho ya dereva. Taa hiyo ikiwaka, wako waogopao, na wako wamwambiao fundi, "Izime tu, ndugu yangu, nina safari." Ni hawa wa pili tunaotaka kusema nao leo, maana swali lao si la ufundi peke yake. Je, mtu azimaye taa bila kutengeneza kilichoharibika, kisha akamwuzia mwenziwe gari, amesema uongo, hali hakufungua kinywa?

Kwanza yafaa tujue taa yenyewe husema nini. Nchini Marekani sheria ilidai magari madogo yote, tangu yale ya mwaka 1996, yawe na mtambo wa namna moja wa kujipima, hasa kwa ajili ya kuilinda hewa isichafuliwe na moshi. Kompyuta ya gari hupokea habari kutoka kwa sensa zake, na ionapo jambo lililopita kiasi huandika namba na kuwasha taa. Fundi huchomeka mashine yake akaisoma.

Hapa ndipo wengi hukosea. Namba si hukumu. Ni neno la shahidi. P0171, kwa mfano, yasema kwamba hewa imezidi petroli katika upande mmoja wa injini. Haisemi kwa nini. Pengine mpira wa hewa umepasuka, pengine pampu ya petroli imechoka, pengine sensa ipimayo hewa imechafuka. P0420 hulishutumu lile jungu la kusafishia moshi, ambalo mafundi wengi huliita masega. Lakini egzosi iliyotoboka karibu na sensa yaweza kuleta shutuma ile ile. Fundi asomaye namba na papo hapo kuagiza kifaa kipya ni kama hakimu amfungaye mtu wa kwanza aliyetajwa barazani.

Walakini tusimlaumu fundi peke yake. Sisi wateja twalipia kwa moyo kifaa tunachokishika mkononi, bali fundi akitumia saa mbili kutafuta ufa katika mpira wa bei ndogo, twanung'unika, "Kwani umefanya nini?" Kwa ubahili huo twamfundisha kubadili vifaa badala ya kufikiri.

Turudi kwa swali letu. Kufuta namba si kosa kwa kwenyewe. Fundi mwema huiandika kwanza, hutengeneza, hufuta, kisha huliendesha gari aone kama taa itarudi. Wala hatusemi kwamba mwenye gari asiye na fedha lazima atengeneze siku hiyo hiyo. Taa iwakayo bila kupepesa mara nyingi humpa mtu nafasi. (Ikiwaka na kuzimika mfululizo ni habari nyingine: petroli haiungui sawasawa katika injini, nayo masega yaweza kuungua. Huyo apunguze mwendo na kusimama mapema.) Lakini afutaye ili mwingine asijue, huyo amedanganya. Taa iliyozimika humwambia mnunuzi, "Injini ni nzima," na maneno hayo yametiwa pale na mwuzaji. Naye ajiteteaye kwa kusema, "Hakuniuliza," ajue kwamba aliulizwa: mnunuzi aliitazama dashibodi, nayo ikamjibu.

Kwa bahati njema uongo huu huacha nyayo. Mnunuzi afungue swichi bila kuwasha injini: taa yapasa kuwaka, kisha izimike injini ikianza kunguruma. Isipowaka kabisa, huenda imeng'olewa au imezibwa. Tena amwombe fundi atazame katika mashine kama vipimo vya gari vimekamilika, kwa kuwa afutaye namba hufuta na vipimo hivyo, navyo havikamiliki tena mpaka gari liendeshwe vya kutosha. Huenda betri ilitolewa tu kwa sababu ya haki. Lakini gari liendalo sokoni kila siku, likikutwa halina vipimo vilivyokamilika, mnunuzi ana haki ya kumwuliza mwenyewe lilifanyiwa nini jana.